Mwenzako Akinyolewa: Uchambuzi wa Lugha ya Kunadi Vifaa vya Kunyolea kwa Sifa ya Mtu, pamoja na Mifano ya Songea

Ikisiri

Makala haya yanachunguza lugha inayotumiwa kunadi sabuni, brashi na nyembe za kunyolea kwa kutegemea sifa ya mtu anayejulikana, badala ya sifa za bidhaa yenyewe. Unadi wa namna hii umeshamiri katika mitandao ya kijamii, hususan miongoni mwa watu waliofanya unyoaji wa kale wa maji, povu na wembe kuwa burudani yao. Tunachambua istilahi za Kiswahili zinazomtaja mnadi, kisha miundo ya sentensi anazozitumia, na mwisho tunatumia methali za kinyozi, wembe na soko kama vipimo vya kauli zake. Tunadai kwamba Kiswahili kina tayari zana za kutosha za kumhoji mtu anayeshawishi, na kwamba mwalimu wa lugha ana wajibu wa kuzifundisha.

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji" hufundishwa shuleni kama onyo: likimpata jirani, nawe ujiandae. Fasiri hiyo ni sahihi, lakini inafunika maana ya awali ya maneno yenyewe. Kiwakilishi *zako* kinasimama badala ya *nywele zako*, nomino ambayo imedondoshwa kwa kuwa inafahamika; na agizo la kutia maji ni agizo la kiufundi. Nywele zilizolowa hulainika, na wembe hupita bila kukwaruza ngozi. Mtu aliyebuni methali hii alikuwa anaijua kazi ya kunyoa. Vivyo hivyo, msemo wa "kunyolewa bila maji", wenye maana ya kutendewa kwa ukali, hauwezi kueleweka na mtu asiyejua uchungu wa wembe mkavu.

Katika mji wa Songea, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, kazi ya kinyozi imebadilika. Katika saluni za kiume za mitaa kama Majengo, Lizaboni na Bombambili, mashine ya umeme ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi, na wembe huja mwishoni kusawazisha kingo za nywele na ndevu. Ukuta wa saluni, ambao zamani ulipambwa kwa vichwa vilivyochorwa kwa rangi, sasa una mshindani: simu ya mkononi. Mteja huonyesha picha katika simu na kusema anataka kunyolewa kama yule. Kinyozi kijana naye hutazama katika simu hiyo hiyo namna wenzake wa Dar es Salaam, Lagos au Chicago wanavyofanya kazi.

Wakati huo huo, huko Marekani na Uingereza, tangu katikati ya miaka ya 2000, kumezuka kundi la watu wanaorudi nyuma kwa hiari yao. Wameacha vinyoleo vya plastiki vyenye nyembe nyingi, wakarejea kwenye wembe mmoja wenye makali pande mbili, brashi ya manyoya na sabuni ya kukorogwa. Kwao kunyoa si kazi ya kumaliza haraka, bali ni starehe ya asubuhi. Miongoni mwao wametokea watu mashuhuri ambao hujirekodi wakijinyoa, hutoa hukumu juu ya sabuni hii na ile, na hatimaye hutumiwa bidhaa bure, hulipwa, au huanza kuuza sabuni zenye majina yao. Kwa kuwa picha hizo humfikia mtu wa Songea kwa urahisi ule ule zinavyomfikia mtu wa London, suala hili linatuhusu.

Swali letu ni la kilugha: ni kwa maneno gani mtu asiyetujua hutufanya tumwone kuwa ni "mwenzetu"? Sentensi za mfano zilizomo humu tumezitunga wenyewe kwa kufuata mtindo wa wanadi hao, ili tusimtaje mtu binafsi.

2.0 Sura ya mtu katika biashara ya wembe

Kuuza kifaa cha kunyolea kwa sura ya mtu hakukuanzia katika mitandao. King Camp Gillette, Mmarekani aliyeanza kuuza wembe wa kutupwa mwaka 1903, aliweka picha ya uso wake pamoja na saini yake katika karatasi ya kufungia wembe. Mwaka huo wa kwanza aliuza vinyoleo 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata vinyoleo vilizidi 90,000. Uso ule ulikuwa na kazi mbili: kumtofautisha na waigaji, na kumpa mnunuzi hisia kwamba kuna mtu anayesimama nyuma ya kipande kile chembamba cha chuma. Gillette alifariki mwaka 1932, lakini sura yake iliendelea kuonekana katika pakiti kwa miaka mingi. Hapa tayari tunaona jambo la msingi: sura yaweza kubaki sokoni hata baada ya mkono ulioitengeneza bidhaa kuondoka.

Hatua ya pili ilikuwa ya kukodi sura za wengine. Mwaka 2007 kampuni yenye jina hilo la Gillette iliwatumia kwa pamoja wanamichezo Tiger Woods, Roger Federer na Thierry Henry. Hakuna aliyedhani kwamba ubingwa wa gofu, tenisi au kandanda unampa mtu utaalamu wa wembe. Sifa ilihamishwa tu kutoka uwanjani hadi bafuni. Mwishoni mwa mwaka 2009, habari za maisha ya ndoa ya Woods zilipoenea, kampuni ilitangaza kupunguza nafasi yake katika matangazo. Wembe haukuwa umebadilika makali, ila sura iliyouza wembe ndiyo iliyopata doa.

Hatua ya tatu ni ya mitandao. Machi 2012, Michael Dubin, mmoja wa waanzilishi wa Dollar Shave Club, alijitokeza mwenyewe katika filamu fupi ya kuchekesha iliyowekwa YouTube. Katika siku mbili kampuni ilipata maagizo yapatayo 12,000, na mwaka 2016 ilinunuliwa na Unilever. Tofauti na wanamichezo wale, Dubin alikuwa mwenye mali na alijulikana hivyo.

Tanzania nayo ina mifano ya jirani, ingawa si ya wembe. Mwanamuziki Diamond Platnumz aliingiza sokoni manukato ya Chibu mwaka 2017, pamoja na karanga zenye jina lake. Jokate Mwegelo alilifanya jina lake la utani, Kidoti, kuwa jina la bidhaa za nywele. Katika mifano hii jina la mtu ndilo mali ya kwanza. Manukato, karanga na nywele hufuata.

3.0 Istilahi za kumtaja mnadi

Kiswahili kina majina mengi ya mtu auzaye kwa kinywa, na kila jina limebeba hukumu ya jamii.

*Mnadi* ni jina la kale na halina lawama. Hutangaza kwa sauti hadharani, bidhaa ikiwa mbele ya macho ya watu. *Mpiga debe* amezaliwa katika vituo vya mabasi. Yeye huita abiria kwa ajili ya basi lisilo lake, na hulipwa kwa kila anayepanda. Abiria wa Songea aendaye Mbinga au Njombe huyajua hayo yote. Husikiliza kelele za mpiga debe, kisha huenda kulitazama basi lenyewe. Jina lenyewe linakumbusha kuwa debe tupu haliachi kuvuma.

*Balozi wa bidhaa* ni istilahi mpya, tafsiri ya dhana ya kigeni. Heshima yake imeazimwa kutoka kwa balozi wa nchi. Lakini Mtanzania ana balozi mwingine anayemfahamu zaidi, yaani balozi wa nyumba kumi, ambaye historia yake inarejea enzi za TANU katika miaka ya 1960. Huyo alikuwa jirani. Alizijua kaya zake kwa majina, na aliposema uongo nyumba kumi zilimjua kuwa mwongo. Balozi wa bidhaa amechukua jina bila kuchukua ujirani.

*Mshawishi* ndiyo istilahi inayokubalika zaidi katika maandishi ya leo. Faida yake ni uwazi: kitenzi *shawishi* humwonya msikilizaji kwamba anafanyiwa jambo fulani. Hatimaye kuna *chawa*, neno la mitaani ambalo katika miaka ya karibuni limekuwa jina la mtu anayeishi kwa kumsifu mwenye jina. Kwa makala yanayohusu nywele, neno hili linafaa pasipo kulazimishwa: chawa hana nywele zake mwenyewe, hustawi katika kichwa cha mwingine.

Inafaa pia kutazama kitenzi ambacho Kiswahili kinakikataa. Twasema bila shida kwamba bidhaa *inajiuza*. Lakini tukisema kwamba mtu *anajiuza*, maana hugeuka na kuwa ya aibu. Ndiyo maana wanadi wa mitandaoni husema *wanajitangaza* au *wanajinadi*. Yaelekea lugha imeweka mpaka baina ya kuuza kitu na kuuza nafsi, na unadi wa sifa ya mtu husimama juu ya mpaka huo.

4.0 Miundo ya sentensi

Tulinganishe sentensi tatu:

(1) Sabuni hii ina mafuta ya nazi na hutoa povu zito.
(2) Ndugu zangu, sabuni hii ndiyo ninayonyolea mimi mwenyewe kila asubuhi.
(3) Familia yangu, wiki hii tunanyoa na hii!

Katika sentensi (1) kiima ni sabuni. Kauli yake yaweza kuthibitishwa au kukanushwa: mtu anunue, atie maji, akoroge, aone kama povu ni zito. Katika (2) sabuni ingali inatajwa, lakini uzito wa sentensi umehamia kwa msemaji. Kisisitizi *ndiyo*, kirejeshi *-yo-* na maneno *mimi mwenyewe* vinafanya kazi moja, yaani kumweka mtu mahali pa hoja. Kauli hii yaweza kuwa kweli, lakini msikilizaji hana njia ya kuithibitisha. Katika (3) sabuni imebaki kiwakilishi kionyeshi tu, *hii*. Kiambishi *tu-* kimemwingiza msikilizaji katika tendo ambalo hajalitenda wala kulikubali. Hapana tena kauli ya kuthibitisha. Kuna mwaliko tu wa kuwa miongoni mwa watu fulani.

Mwendo huu wa kutoka (1) hadi (3) ndio tunaouona kuwa kiini cha mtindo huu. Aristotle alitofautisha ushawishi unaotokana na tabia ya msemaji, na ule unaotokana na hisia za wasikilizaji, na ule unaotokana na hoja. Hakuilaumu njia ya kwanza. Aliiona kuwa na nguvu sana. Jambo jipya ni kwamba msikilizaji wa Aristotle alimwona msemaji uso kwa uso. Mwaka 1956, wakati wa televisheni changa, Horton na Wohl walieleza jinsi mtazamaji anavyojenga urafiki wa upande mmoja na mtu wa kwenye kioo. Simu ya mkononi imeusogeza urafiki huo hadi kitandani.

Maneno ya ukoo ndiyo yanayoujenga zaidi. Katika kiti cha kinyozi wa Songea, mteja mwenye mvi husalimiwa "Shikamoo mzee", na kijana huitwa "kaka" au "mdogo wangu". Maneno hayo hayamgharimu kinyozi kitu kwa wakati ule, lakini yanamfunga. Akimkata mzee, atakutana naye sokoni, msibani au katika nyumba ya ibada. Sifa ya kuwa na "mkono mwepesi" hupatikana kwa vichwa vingi na miaka mingi, na hupotea kwa jeraha moja. Mnadi wa mitandaoni hutumia "familia" na "ndugu zangu" kwa maelfu ya watu, lakini wajibu unaoambatana na maneno hayo haupo.

5.0 Methali kama vipimo

5.1 "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza"

Viambishi vya ngeli katika methali hii ni vya kitu, wala si vya mtu. Sifa iko ndani ya bidhaa. Tukiichukua kwa ukali wake wote, kila tangazo ni dalili ya ubovu. Hilo si kweli, kwani kizuri kilichofichika hakijiuzi. Mtengenezaji mdogo wa sabuni asiye na fedha za matangazo ya redio anaweza kusaidiwa kihalali na mtu mwenye wasikilizaji. Kipimo kinachobaki ni hiki: tukimwondoa mnadi, je, kinabaki kitu cha kusema juu ya bidhaa?

5.2 "Mwamba ngoma huvutia kwake"

Hiki ni kipimo cha maslahi. Dubin alipouza nyembe za kampuni yake, kila mtu aliona ngozi inavutwa upande gani. Lakini mtu anayejiita mpenzi wa kunyoa tu, huku amelipwa au amepewa bidhaa bure pasipo kusema, anavuta ngozi gizani. Mwaka 2009 mamlaka ya biashara ya Marekani ilirekebisha miongozo yake ili watu wanaosifu bidhaa katika intaneti watangaze uhusiano wao na wauzaji. Tanzania, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Sheria hizo zinadai jambo ambalo methali ilikwisha kulisema.

5.3 "Kinyozi hajinyoi"

Methali hii hutumika kueleza kwamba kila mtu humhitaji mwenzake. Kimuundo inakataza kujirejea: kiambishi *-ji-* hakikubaliki kwa kinyozi. Mpenzi wa unyoaji wa kale, kinyume chake, anajinyoa. Ndiye kinyozi, ndiye mteja, na mbele ya kamera ndiye pia shahidi. Hatusemi kwamba ushahidi wake ni wa uongo. Twasema kwamba umekosa mtu wa pili. Katika saluni, kioo humpa mteja haki ya kusema "hapa hujapasawazisha". Kwenye simu, aliyejinyoa ndiye anayetuambia kuwa amenyoleka vizuri, na mwanga na pembe ya picha amezichagua yeye.

5.4 "Mwenzako akinyolewa"

Hapa ndipo uzito wote ulipo. Methali haisemi *mtu* akinyolewa, inasema *mwenzako*. Mwenzako ni mtu wa hali moja nawe. Kinachompata yeye kitakupata wewe kwa sababu mna nywele za aina moja na mnakabiliwa na wembe ule ule.

6.0 Ngozi ya nani?

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Nywele za ndevu zenye kujipinda, ambazo ndizo za Waafrika wengi, zikikatwa karibu mno na ngozi huweza kurudi ndani na kuleta vipele, madoa meusi, na wakati mwingine makovu. Madaktari wa ngozi hushauri kulainisha ndevu kwa maji ya vuguvugu, kunyoa kwa kufuata uelekeo wa nywele, kupunguza marudio, na kutotafuta ulaini wa kupindukia. Lakini wapenzi wengi wa unyoaji huo husifu kinyume chake: kupitisha wembe mara tatu, ya mwisho ikiwa dhidi ya uelekeo wa nywele, hadi shavu liwe laini kama la mtoto. Kwa mwenye nywele zilizonyooka pengine hakuna madhara. Kijana wa Songea anayefuata agizo hilo hilo kwa sabuni hiyo hiyo huweza kuamka na shingo yenye vipele, akadhani sabuni aliyonunua ni bandia. Sabuni yaweza kuwa halisi kabisa. Tatizo ni kwamba aliyenyolewa hakuwa mwenzake.

Jambo la pili ni usalama wa wembe. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliporipotiwa nchini, mkoani Kagera, mwaka 1983, wananchi wamefundishwa kutochangia nyembe. Kila mteja na wembe wake: kanuni hii ilienea kwa njia ya mabango, redio, mikutano ya vijiji na vinywa vya vinyozi wenyewe. Huo nao ulikuwa ushawishi, tena uliotumia sauti za watu wanaoheshimiwa. Lakini ulipita vipimo vyetu: ungeweza kuthibitishwa, haukuficha maslahi, na msemaji alikabiliwa na hatari ile ile. Wembe wa kukunja, unaopendwa na wapenzi wa unyoaji wa kale kwa sababu hunolewa na kutumika maisha yote, unafaa kwa mtu mmoja nyumbani kwake. Ukiingizwa saluni kwa sababu tu unapendeza katika picha, na ukapitishwa shingo hadi shingo bila kutakaswa ipasavyo, unabomoa kilichojengwa kwa miaka mingi.

Kwa upande mwingine, kuna jambo katika burudani hiyo ya kigeni ambalo babu zetu wangelikubali mara moja, nalo ni maji. Kulowesha ndevu kwa muda, kukoroga povu na kutumia wembe mmoja mkali kwa mkono mwepesi ni maarifa ambayo mashine ya umeme iliyaweka kando. Kinyozi wa Songea akiyarejesha atakuwa anamrudishia mteja wake kilichokuwamo katika methali, na kwa hilo hahitaji sabuni yenye jina la mtu maarufu.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba lugha ya kunadi kwa sifa ya mtu huhamisha uzito wa sentensi kutoka kwenye kitu hadi kwa msemaji, na kutoka kwa msemaji hadi kwenye undugu usio na wajibu. Tumeonyesha pia kwamba methali ambazo aghalabu huhesabiwa kuwa mapambo ya insha ni vipimo vinavyoweza kufanya kazi.

Tunapendekeza kwamba mwalimu wa Kiswahili wa sekondari awaletee wanafunzi matangazo wanayoyaona kila siku, awatake wataje kiima cha kila sentensi, kisha wajibu maswali manne. Je, msemaji akiondolewa, bidhaa inabaki na sifa gani? Ngoma inavutwa upande gani? Nani mwingine, mbali na aliyejinyoa, ameuona unyoaji huo? Na je, anayenyolewa ni mwenzangu kweli? Mwanafunzi atakayeyazoea maswali haya atakuwa amejifunza sarufi, fasihi simulizi na kujilinda, yote katika kipindi kimoja.